Kampuni ya mbao ya familia Mafinga, wanandoa wanaachana: thamani yake inapigwaje?

Mtunzahesabu_Mafinga

Wakuu, habari za kazi. Natunza hesabu, sheria siyo fani yangu. Pande mbili za ndoa moja huku Mufindi wamekubaliana niwaandalie thamani ya biashara yao. Baraza la usuluhishi lilishindwa, cheti kikatoka, shauri liko mahakama ya wilaya. Majina nayaacha, hali ndiyo hii.

Ndoa ni ya 2008. Kampuni ilisajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) 2014 ikiwa na hisa 100: mume 60, mdogo wake 40. Mke hana hisa hata moja, lakini yadi ya mbao pale mjini anaiendesha yeye tangu ifunguliwe. Anapokea mzigo, anauza, anaandika kaunta buku, na mshahara hana. Mume yuko porini na mashine.

Kampuni ina dingdong (mashine za kuchana mbao) mbili na injini zake, Fuso moja, mbao zilizoko yadini (kiwanja cha kupanga), na mkopo wa benki uliobaki milioni 18. Nje ya kampuni kuna mashamba ya mipaina, yote kwa jina la mume na yote yana hati za kimila: ekari 20 alizonunua 2006 zikiwa pori tupu, zikapandwa 2010, na ekari 30 zilizonunuliwa 2012, zikapandwa 2015. Lile la kwanza limeshavunwa ekari 4, miti ikachanwa kwenye dingdong za kampuni.

Mauzo ya 2024 kwenye EFD (mashine ya risiti za kodi) ni milioni 88. Zilizoingia benki na kwenye simu ni milioni 171, ila humo nimeshaona 25 za mkopo mpya na 14 zilizotoka simu kwenda benki. Hesabu zilizoko TRA (mamlaka ya mapato) zinaonyesha kampuni ikitoa madeni inabaki na milioni 11. Mume kashikilia hiyo 11. Mke anasema milioni 300 pamoja na miti.

Nithamini mali au hisa? Na miti naiingiza wapi?

Mhasibu_Gangilonga

Mkuu, kabla ya kushika kikokotoo funga tarehe moja. Andika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba kila kitu kinathaminiwa kama kilivyokuwa, mfano, tarehe 31 Desemba 2024: mbao, salio la mkopo, wadaiwa, miti. Ukiacha wazi, mmoja atakuletea salio la benki la Machi na mwingine hesabu ya mbao ya Septemba. Biashara ya mbao haifanani miezi hiyo. Masika magari hayaingii porini, yadi inakauka, wadaiwa wanajaa. Kiangazi ni kinyume chake. Ndiyo maana faida nayo usiipime kwa mwaka mmoja. Chukua mitatu.

Halafu tenganisha mafungu mawili, na kila moja lipate ripoti yake. La kwanza ni hisa 60 za mume ndani ya kampuni. La pili ni mashamba, ambayo kampuni haiyamiliki. Fuso na dingdong siyo mali ya mume wala ya mke, ni mali ya kampuni, na asilimia 40 ya kampuni ni ya mdogo mtu ambaye haachani na yeyote.

Ile milioni 11 ya TRA itupe. Haikuandikwa kujibu swali lako. Uchakavu wa kikodi kwa malori makubwa ya mizigo unakula asilimia 25 ya salio kila mwaka, kwa hiyo Fuso lililonunuliwa milioni 45 baada ya miaka 5 linabaki vitabuni milioni 10.7, wakati barabarani bado kuna mtu atatoa zaidi ya mara tatu ya hizo. Na mbao ambazo hazikuandikwa hazimo kabisa.

Sasa mauzo halisi. 171 toa 25 toa 14 unabaki na 132. Usiridhike hapo, ipime kwa njia nyingine mbili. Ya kwanza ni TP (vibali) za kusafirishia mbao pamoja na risiti za ushuru wa halmashauri. Ya pili ni kaunta buku ya mama. TP zinaandika mita za ujazo na kaunta buku inaandika vipande, kwa hiyo pima kwanza mbao yenyewe kabla ya kubadilisha. 2x4 ya futi 12 iliyochanwa kamili ni vipande 53 kwa mita moja ya ujazo. Ikichanwa nyembamba, inchi 1.75 kwa 3.75, vinafika karibu 65. Watu wamegombana mahakamani kwa tofauti hiyo wakidhani kuna mbao zimeibwa. Dizeli nayo inasaidia: ukijua lita ngapi zinachana vipande mia kwenye mashine ile, risiti za mafuta zitakuambia kama mauzo yamefichwa.

Nitupie gharama za 2024 na orodha ya mali nikuonyeshe zinavyopangwa.

Mtunzahesabu_Mafinga

Asante mkuu. Gharama (milioni): miti iliyonunuliwa kwa watu 31, vibarua 27, dizeli na vipuri na misumeno 19, usafiri 8, ushuru na leseni na kodi ya yadi 7. Jumla 92. Humo kuna kama 3 ambazo ni ada za watoto na mafuta ya gari dogo la nyumbani. Miti ya shambani kwao iliyochanwa mwaka ule, kwa bei ya mti uliosimama, ingekuwa 9, na haikulipiwa chochote.

Mali: dingdong na injini 14, Fuso 38, mbao yadini 16 kwa gharama, wadaiwa wanaolipika 6, fedha 3. Madeni: benki 18, vibarua na miti ya mkopo 4.

Mhasibu_Gangilonga

132 toa 92 ni 40. Mke ataiona 40 na kuizidisha mara tano. Hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote kwenye biashara za familia.

Toa 9 za miti ya shambani. Hii ukiiacha umehesabu miti mara mbili: mara moja shambani kama mali ya wanandoa, mara ya pili ndani ya faida ya dingdong. Kampuni ilipaswa kununua miti ile kama inavyonunua kwa jirani.

Toa mshahara wa msimamizi wa porini, tuseme laki 6 kwa mwezi, 7.2 kwa mwaka. Toa mshahara wa muuzaji wa yadi, laki 4 kwa mwezi, 4.8. Haijalishi kwamba hawakulipwa. Swali ni biashara inabakiza nini ikiwalipa watu wanaoifanya ifanye kazi. Toa 4 za kuchakaa halisi kwa injini na Fuso, yaani fedha ambayo lazima itengwe ili mashine isimame tena ikifa. Rudisha 3 za ada na mafuta ya nyumbani, maana siyo gharama za mbao.

40 − 9 − 7.2 − 4.8 − 4 + 3 = 18.

Milioni 18 kwa mwaka kabla ya riba na kodi ya mapato. Biashara kama hii, inayomtegemea mtu mmoja anayejua miti iko wapi na mwingine anayejua wateja, mimi siizidishi zaidi ya mara 2 hadi 3. Ni uamuzi, siyo sheria, na uandike sababu zake: haina mkataba wa miti, haina mkataba na wanunuzi, yadi ni ya kupanga. Inakuja 36 hadi 54. Faida tuliyotumia ni kabla ya riba, kwa hiyo deni la benki lazima litoke na fedha iliyopo iingie: toa 18, ongeza 3, unapata 21 hadi 39.

Njia ya pili, mali: 14 + 38 + 16 + 6 + 3 = 77. Toa 18, toa 4, unabaki na 55. Kisha weka deni la kodi. Mauzo 88 yaliyotangazwa na 132 halisi hayawezi kukaa kwenye ripoti moja bila deni la TRA, na kampuni siyo mfanyabiashara mdogo wa kodi ya makadirio, inalipa asilimia 30 ya faida na adhabu juu. Nimeweka 3 kwa mfano. Wewe ikokotoe kwa miaka yote iliyofichwa, inaweza kuwa kubwa kuliko hapo. Tukae na 52.

Njia ya mali imeipita njia ya faida. Maana yake gudwili (thamani ya jina na wateja juu ya mali) haipo. Mashine, lori na mbao zina bei kubwa kuliko faida zinazoleta zikiwa pamoja, kwa hiyo hakuna jina la kulipia juu yake. Thamani ya kampuni ni 52, ya hisa 60 ni 31.2. Hizo 31.2 ndizo zinaingia kwenye mgawanyo, siyo 52, na usipunguze chochote kwa hoja kwamba hisa za kampuni ya familia haziuziki mtaani. Mume haziuzi, anabaki nazo na usukani wake.

Mpima_Misitu

Niongee miti, maana kwa hesabu hizo fedha kubwa iko huko.

Anza na ekari zenyewe. Vijijini ekari inauzwa kwa hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047. Aliyepima akiwa na hatua ya sentimita 80, ekari yake ni 3,136, yaani robo tatu na ushee kidogo. Ekari 50 za maneno zinaweza kuwa 39 za kweli. Zunguka mipaka kwa GPS na majirani wakiwepo, halafu linganisha na hati. Ondoa korongo, barabara ya moto na sehemu ya mawe. Mti haupo humo.

Kisha sampuli. Usihesabu mti mmoja mmoja, na usikubali makadirio ya kusimama barabarani. Chukua kamba ya mita 11.28, chomeka mambo katikati, zungusha. Duara hilo ni mita za mraba 400, karibu sana na sehemu ya kumi ya ekari, kwa hiyo ukizidisha kwa 10 umepata ekari. Kwenye mteremko wa nyuzi 20 refusha kamba hadi mita 11.64, la sivyo duara linakuwa dogo na shamba linaonekana na miti michache kuliko iliyopo. Duara moja kwa kila ekari mbili linatosha kwa shamba la umri mmoja. Yapange kwa mstari na umbali sawa kabla ya kuingia msituni. Ukichagua ukiwa ndani, miguu inakupeleka kwenye miti mizuri.

Pima kipenyo kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Panga kwa madaraja wanayonunulia wachana mbao wa hapo, siyo kwa wastani. Mfano wa shamba la 2010, wastani wa duara miti 28: 6 iko chini ya sm 15, 13 ni sm 15 hadi 22, 9 imezidi hapo. Tuseme bei za mti uliosimama ni 3,000, 12,000 na 22,000 (za mfano, wewe kusanya mikataba ya mauziano ya kijiji hicho ya miezi 12). 18,000 + 156,000 + 198,000 ni 372,000 kwa duara, 3,720,000 kwa ekari. Kwa ekari 16 zilizobaki ni milioni 59.5.

Angalia mambo manne yanayoharibu bei. Miti iliyopandwa mita 2.5 kwa 2.5 bila kupunguzwa inakuwa mirefu na myembamba, inaishia daraja la chini. Isiyopogolewa ina vifundo. Iliyowahi kuunguzwa na moto ina kovu chini, gogo la kwanza linapotea. Na shamba lisilofikika kwa gari masika bei yake inashuka hata miti ikiwa mizuri, kwa sababu mnunuzi anaingiza gharama ya kusukuma magogo.

Shamba la 2015 ni kesi nyingine. Kuthamini kwa bei ya leo ni kumwonea mwenye miti, kwa sababu daraja la leo ni la nguzo na paleti. Kuthamini kama tayari imekomaa ni kumwonea atakayeilinda miaka inayokuja. Njia ni kukadiria bei ya kuvuna kisha kuirudisha leo. Mfano: miti 250 ya kuchanika kwa ekari, 14,000 kila mmoja, 3,500,000 baada ya miaka 4. Kwa kiwango cha asilimia 15 kwa mwaka gawa kwa 1.749 (yaani 1.15 × 1.15 × 1.15 × 1.15), inakuja 2,001,000. Ulinzi na kufyeka barabara za moto, 50,000 kwa ekari kila mwaka, zikirudishwa leo ni kama 143,000. Unabaki na 1,858,000 kwa ekari, milioni 55.7 kwa ekari 30. Kiwango cha asilimia ndicho mawakili watakachokipiga, kwa hiyo onyesha jibu kwa 12 na kwa 18 pia. Mimi siendi chini ya 15 sehemu ambazo moto unapita karibu kila kiangazi na miti haina bima.

Ardhi tupu iandike mstari wake peke yake, kwa mashamba yote mawili. Wakili atakuambia kwa nini.

Wakili_Forest_Mbeya

Naam, na sababu ni hii. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinagawa mali zilizochumwa wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Mali ya kabla ya ndoa inabaki ya mwenyewe, isipokuwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa na mwenzake au na wote wawili. Kifungu kidogo cha 3 kinaiingiza. Ekari 20 za 2006 zilikuwa za mume. Miti ya 2010 ni maendelezo ya ndani ya ndoa. Ripoti ikitaja jumla moja ya shamba, hakimu hana namna ya kutenganisha, na rufaa itatokea hapo hapo.

Jina la mume kwenye hati ya 2012 si mwisho wa habari. Kifungu cha 60 kinaweka dhana tu kwamba mali ni ya aliyeandikwa, na dhana hiyo inapingwa kwa ushahidi.

Mchango wa mke usiuthamini wewe. Wenzako wengi wanaandika mwisho wa ripoti "mke apate asilimia 40" na ripoti nzima inatupwa kama maoni ya mtu asiye hakimu. Mahakama inaangalia mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo, kisha inaelekea kwenye usawa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani zenyewe zinahesabika kuwa mchango. Hapa mke ana zaidi ya hizo: ana yadi. Lakini lazima zithibitishwe. Kaunta buku zenye mwandiko wake, miamala ya simu yake, wanunuzi na vibarua watakaokuja kusema walipokea mzigo na malipo kwa nani. Mchango usiothibitishwa unapewa kidogo, hata kama mtaa mzima unaujua.

Kuhusu kampuni, Mhasibu yuko sahihi. Mahakama ya ndoa haigawi Fuso la kampuni, inagusa hisa za mume. Chukua BRELA orodha ya wanahisa na katiba ya kampuni, usome kipengele cha kuhamisha hisa. Kampuni nyingi za familia zinawapa wakurugenzi haki ya kukataa mwanahisa mpya au kuwataka wanahisa wa zamani wauziwe kwanza. Hata ikikubalika, mwanamke anayeingia na hisa 25 kwenye kampuni ya aliyekuwa mume na shemeji yake amepewa karatasi. Gawio halitatangazwa. Bora alipwe thamani yake kwa fedha au kwa shamba.

Tahadhari ya haraka: miti inakatika wakati shauri linaendelea. Dingdong mbili zinaweza kumaliza ekari kadhaa kabla ya tarehe ya kutajwa. Wakili wa mke aombe zuio la muda na nakala ifike serikali ya kijiji na ofisi ya misitu ya wilaya inayoshughulikia vibali na TP. Zuio lililokaa kwenye jalada bila kufika huko halizuii kitu.

Mwisho, mashamba na miti yasainiwe na mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Hisa zisainiwe na mhasibu mwenye usajili wa NBAA (bodi ya wahasibu). Wote wajiandae kuhojiwa kizimbani, na malipo yao yasifungwe kwenye asilimia ya thamani.

AfisaMikopo_Makambako

Nyongeza mbili za upande wa benki.

Omba jalada la mkopo. Mteja hapaswi kukataa kulitoa kwa mthamini aliyekubaliwa na wote, na akikataa mahakama inaweza kuamuru. Ndani kuna fomu ya maombi yenye mauzo aliyoyataja yeye mwenyewe, picha za mali, na ripoti ya uthamini wa dhamana. Utashangaa: TRA wanaambiwa milioni 88, benki wanaambiwa 180, na baraza la usuluhishi wanaambiwa biashara imekufa. Ila ripoti ile ya dhamana isome vizuri. Ina bei mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka. Ya pili ni ya mnada, na hapa hakuna mnada. Thamani ya bima ya Fuso nayo usiitumie, mara nyingi iko juu ya bei ya barabarani.

La pili, na hili ndilo linalowaumiza wanawake wengi: angalia kama mke alisaini udhamini. Mikopo ya namna hii mara nyingi mwenzi anasaini ridhaa ya rehani, na mara nyingine anasaini pia kama mdhamini. Hukumu ya talaka haiifungi benki. Mume akipewa kampuni "pamoja na deni lake" na akaacha kulipa, benki itamfuata mke kwa sahihi yake ileile. Makubaliano yaseme mkopo ulipwe au upangwe upya kwa jina la mume na benki itoe barua ya kumwachia mke udhamini, kabla mke hajahamisha haki zake. Barua, siyo ahadi ya mdomo ya meneja.

Na ukague kadi ya Fuso. Tarehe ya kuhamisha umiliki ikiwa baada ya kutengana, ulizia.

Mtunzahesabu_Mafinga

Wakuu mmenisaidia sana. Mawili yamebaki. Kuna mbao za kama milioni 7 zilizopelekwa Dar kwa mali kauli (dalali analipa akishauza), bado hazijalipwa, sikuziweka kwa wadaiwa. Na mke hataki fedha ya kampuni, anataka abaki na yadi. Hilo linawezekana?

Mhasibu_Gangilonga

Za mali kauli kwanza. Mbao ambazo hazijauzwa bado ni mali ya kampuni, ziingize kwa gharama na siyo kwa bei ya kuuzia. Zilizokwisha kuuzwa ni deni, na hapo angalia umri: chini ya miezi 3 weka zote, zikifika 6 weka nusu, zilizopita mwaka weka sifuri na uandike kwamba zikilipwa zitagawanywa kwa uwiano ule ule wa hisa. Mpigie dalali simu mbele ya pande zote mbili.

Yadi inawezekana, lakini elewa anachochukua. Kiwanja ni cha kupanga, kwa hiyo anachukua mkataba wa pango (mwenye kiwanja akikubali), mbao zilizopo, na wateja. Mbao za 16 ni za kampuni. Wanahisa wote wawili, mdogo mtu akiwemo, lazima wakubali kwa azimio la maandishi zihamishiwe kwake. Hapo kampuni imebaki na 36 badala ya 52. Zile 16 hazikutoka mfukoni mwa mume peke yake: 9.6 ni za upande wake na 6.4 ni za mdogo wake, ambaye lazima afidiwe, aidha kwa fedha au kwa hisa za mume kushuka. Hili likisahaulika, shemeji atafungua kesi yake.

Kisha akae na leseni yake, TIN yake na EFD yake kuanzia siku ya kwanza. Asiuze hata ubao mmoja kwa mashine ya kampuni, maana mauzo yake yatakuwa kodi ya mwingine. Na kwa mashamba yatakayohamishwa baina yao, mwambie mshauri wa kodi asome kifungu cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kuhusu mali inayokwenda kwa mwenzi au aliyekuwa mwenzi. Kinataka ombi la maandishi ili faida ya mauzo isihesabiwe siku hiyo. Lisipoandikwa, kodi inakokotolewa kama vile amemuuzia mgeni.

Wakili_Forest_Mbeya

Na kama sehemu ya fedha italipwa kwa awamu, tarehe ziwekwe kiangazi, Julai hadi Oktoba, wakati mbao zinatembea. Awamu ya Machi haitalipwa. Makubaliano yaingizwe mahakamani yawe amri inayokazika, yakiwa na kipengele kwamba awamu moja ikipita siku 30 deni lote linadaiwa mara moja, na dhamana iwe shamba la 2015 likitajwa kwa namba ya hati na mipaka ya GPS ile ile iliyo kwenye ripoti ya mthamini.